Angahewa ikisukumwa itaitikiaje? Naomba ufafanuzi wa hoja ya Leith

Barabara ya 9, Tanga:
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia hapa mjini na kidato cha sita wamenikaba kwa swali. Mwaka 1975 Cecil Leith, mtafiti wa angahewa, alipendekeza kwamba ukipima jinsi hali ya hewa inavyoyumba yenyewe, utaweza kukadiria itakavyoitikia msukumo mpya, mfano joto la ziada. Lakini data za zamani hazina huo msukumo. Jibu linatoka wapi?

Mpimaji wa Raskazone:
Mwalimu, limo kwenye kasi ya kurudi. Kaskazi ikikaza kuliko kawaida, siku chache tu imesharudi kwenye wastani wake. Bahari ikipata joto la ziada, hukaa nalo miezi. Sasa, angahewa haijui kama imesogezwa na bahati au na msukumo wa nje; njia ya kurudi ni ile ile. Kinachochelewa kutulia, ukikisukuma kidogo kila siku, masogeo yanalimbikizana. Kinachotulia upesi hakifiki mbali. Kihesabu: chukua kovariansi (kipimo cha jinsi vitu viwili vinavyoyumba pamoja) ya leo na siku zijazo, ugawe kwa kovariansi ya siku ile ile, ujumlishe siku zote, uzidishe na msukumo. Huko kugawa ni kwa matriksi (jedwali la namba), na ndiko kwenye kazi.

Kusi:
Naongezea, maana wengi huishia hapo. Ili njia hii ifae, msukumo uwe mdogo, na myumbo ukaribie mgawanyo wa Gauss (umbo la kengele: siku nyingi karibu na wastani, chache mbali nao). Joto linavumilia. Mvua hapana: siku nyingi ni sifuri, halafu inashuka ya wiki nzima usiku mmoja. Watafiti Gritsun na Branstator, 2007, waliijaribu njia hiyo ndani ya modeli ya angahewa ya kompyuta: wakakadiria kwa myumbo wa modeli, kisha wakaipasha modeli joto kweli wakalinganisha. Matokeo yalikaribiana vizuri. Ila modeli unaiendesha utakavyo. Rekodi ya kituo ina miongo tu, na data chache huvuruga matriksi.

Barabara ya 9, Tanga:
Basi rekodi ya kituo kimoja cha hapa haifai darasani?

Mpimaji wa Raskazone:
Inafaa sana kupimia kumbukumbu, yaani muda ambao msogeo hudumu kabla ya kutulia. Ondoa kwanza wastani wa kila tarehe, la sivyo utakuwa unapima masika na kiangazi. Kisha tafuta uwiano (korelesheni) wa leo na kesho. Ukipata 0.6, kesho kutwa inabaki 0.6 × 0.6 = 0.36 ya msogeo; kumbukumbu huhesabiwa hadi ibaki theluthi hivi, kwa hiyo ni siku 2 hivi. Wachore joto la mchana na la usiku mbalimbali. Usiku wa pwani hushikwa na bahari, natarajia kumbukumbu yake iwe ndefu zaidi.