Siku ya kufua na kutafuta dawa ugenini: twende wote au tugawane kazi?

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi na mume wangu tuko safarini nje ya nchi, na vijishughuli vimerundikana. Nguo chafu zimejaa begi, zipu ya begi lenyewe imegoma, dawa zake za presha zinakaribia kuisha na fedha taslimu zimebaki chenji tu. Nimependekeza kesho tusitalii popote, tuyamalize haya taratibu. Mwenzangu anasema hatukukata tiketi kuja kufua. Kugawana kazi nako hataki, eti tumekuja wawili tutembee wawili. Kusema kweli natamani hata saa mbili za kuwa peke yangu, ila nikitamka hivyo naogopa ataona nimemchoka. Mliozoea safari ndefu na wenza wenu, mnafanyaje? Kejeli sitaki.

Baharia Mstaafu:
Anzeni na dawa. Dawa za presha nchi nyingi haziuzwi bila cheti cha daktari, na cheti mlichotoka nacho kwenu si lazima kikubalike huko. Mkielekezwa kwanza kwa daktari, nusu siku imekwenda. Bebeni pakiti yenyewe inayoonyesha jina halisi la dawa na miligramu zake, maana jina la kibiashara hubadilika nchi hadi nchi. Na mumeo aende mwenyewe, kuna maswali huwezi kumjibia. Asije akaanza kuruka siku ili vidonge vimfikishe nyumbani!

Kibegi Chepesi:
Kabla ya yote, kesho ni siku gani huko mliko? Kama ni nchi ya aina ya Ujerumani na kesho ni Jumapili, maduka karibu yote yamefungwa kisheria. Famasi za zamu utazipata, mengine yasogezeni Jumatatu.

Mzee wa Risiti:
Fedha toeni kwenye ATM iliyo kwenye jengo la benki, saa za kazi, ili kadi ikimezwa kuna mtu wa kumlilia. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa sarafu ya kwenu au ya hapo, chagua ya hapo. Ukichagua ya kwenu, wao ndio wanaokupangia kiwango cha kubadilishia, na hawakupangii kwa huruma. Kadi ya pili iacheni chumbani.

Shemeji Mtata:
Mimi niko upande wa mume. Siku ya ugenini ni ghali, fueni soksi kwenye sinki usiku maisha yaendelee.

Dada Ramani:
Shemeji, jinzi utaifua kwenye sinki? 😂 Mtoa mada, umemuuliza kwa nini hataki kugawana? Wanaume wengine wala si mahaba, ni woga wa kupotea. Mwekee kwenye simu yake ramani inayofanya kazi bila intaneti, mpe jina na anwani ya mnapolala, mkubaliane saa na mahali pa kukutana. Halafu kazi ya kufua ichukue wewe. Kufua na kukausha kwenye zile mashine za kulipia si chini ya saa nzima, umekaa na kitabu chako, hakuna anayekusemesha. Hutahitaji kumwomba mtu nafasi ya kupumua. Mifuko tu ikague vizuri, pasipoti ikiingia kwenye mashine utalii wenu unahamia ubalozini.

Mtoa mada:
Dada Ramani, nimemuuliza. Kajichekea, kisha akakiri hajui hata mtaa tulipopanga, siku zote ananifuata mimi! Asubuhi tunaanza wote famasi, baada ya hapo yeye benki na mimi kufua, tunakutana saa nane tule. Jioni kasema atachagua yeye pa kwenda. Zipu ndiyo sijajua, tununue begi jipya?

Fundi Cherehani:
Msinunue. Kama meno hayajang'oka, mara nyingi kilicholegea ni kichwa cha zipu. Kibane kidogo kwa koleo, upande huu na upande huu, polepole kisije kikavunjika. Ikikataa, tafuteni fundi viatu.