Kifuko cha maji kwenye figo: sindano au matundu?

Mkwezi wa Mtambwe: Assalamu alaykum. Nina umri wa miaka 52, na nimeambiwa nina kifuko cha maji cha sentimita 8 kwenye figo ya kushoto, ambacho huniuma kila nikipanda mkarafuu. Nivutwe maji kwa sindano, au nifanyiwe upasuaji wa matundu? Ipi itaniwahisha kurudi shambani?

Muuguzi Mstaafu: Waalaykumu salaam. Kifuko cha kawaida kisichouma huachwa kilivyo. Kikivutwa maji tu, mara nyingi hujaa tena, ndiyo maana baadhi ya madaktari hutia spiriti ili kuta zake zishikane. Kwa matundu, tumbo hujazwa hewa ya ukaa, kamera huingizwa, paa la kifuko hukatwa na kupelekwa maabara. CT skani imeandika Bosniak ngapi, yaani daraja la kifuko kwa jinsi kinavyoonekana kwenye picha?

Nahodha: Mimi nilipotolewa kijiwe cha figo Unguja, kilichonitesa si kisu bali mkondo wa Nungwi wakati wa kurudi, nimekumbatia ubavu na chombo kinaruka.

Bi Kidike: Wanaume mnashinda barazani na kahawa, maji hamyajui.

Muuguzi Mstaafu: Sijajibiwa.

Mkwezi wa Mtambwe: Wameandika tatu. Bahasha nimeificha chini ya godoro, mama watoto hajaiona. Lakini karafuu nimeshaziuza zingali mtini, wa sindano nimeshamlipa nusu, na ananingoja Jumatatu. Kwani maji si maji?

Muuguzi Mstaafu: Si maji tu, ndugu yangu. Tatu ni kuta nene zinazokamata dawa ya skani, na takriban nusu ya vifuko vya namna hiyo vikitolewa hukutwa na saratani. Hicho hakitobolewi ovyo wala hakikatwi paa, kwa kuhofia seli kumwagika. Mara nyingi huondolewa kizima pamoja na kipande cha figo, na hata hilo huweza kufanyika kwa matundu. Muone bingwa wa njia ya mkojo kabla ya Jumatatu.

Mdadisi: Hadithi hii ya kutunga. Mwezi uliopita, kwenye uzi wa kuuza pikipiki, bwana huyu alisema anaumwa figo ya kulia.

Mkwezi wa Mtambwe: Niliitazama picha mwenyewe dirishani nikaona doa liko kulia. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba picha ile husomwa kama mtu aliyekuelekea, kushoto kwake kuwe kulia kwako.

Mdadisi: Basi bandika ripoti, jina uzibe.

Mkwezi wa Mtambwe: Saa hizi haiwezekani. Mama watoto ameilalia.