Janga likiingia tu, swali la kwanza ni "kasema nani?" Nimechoka!

Wakuu, leo nina povu, mnivumilie.

Juzi niliweka kwenye kundi la familia tangazo la wizara: kipindupindu kimeingia, chemsheni maji ya kunywa, naweni mikono kwa sabuni, anayehara awahishwe kituo cha afya. Basi. Mjomba wangu, mtu mzima ninayemheshimu, hata hakuuliza wagonjwa ni wangapi. Akajibu: "Hao wanatafuta hela za wafadhili." Dole gumba zikamiminika. Jioni mbunge wa chama chake akarusha tangazo lile lile, hadi "kipindupidu" iliyokosewa ikabaki vilevile. Mjomba akalileta kundini na mikono mitatu ya kuomba: "Ndugu zangu, tuchukue tahadhari, hali si nzuri." Nikamuuliza, shikamoo mjomba, hili si ndilo la asubuhi? Nikaambiwa watoto wa siku hizi hatuna adabu.

Na mimi si malaika. Kuna mambo niliyatetea kwa mishipa ya shingo kwa sababu tu aliyeyasema alikuwa wa upande wangu. Ndiyo maana nimekasirika hivi.

Tukiogopa tunamkumbatia aliye karibu, tena bila kumpekua mifuko. Mwanzoni mwa Septemba 2001, utafiti wa maoni wa Gallup ulimpa Rais George W. Bush asilimia 51 ya Wamarekani waliouridhia utendaji wake. Yakaja mashambulizi ya tarehe 11, na kabla mwezi haujaisha akawa na 90. Bush yule yule! Machi 2003 wanajeshi wake wakaingia Iraki kufuata silaha za maangamizi ambazo hazikuonekana mpaka kesho.

Hofu ikipoa kidogo, ushabiki unachukua usukani. Hukohuko Marekani, Mei 2020, asilimia 72 waliiambia taasisi ya Pew kwamba chanjo ya korona ikipatikana wangechanja. Septemba, kampeni zimepamba moto, wakabaki 51. Oktoba, kwenye mdahalo, Kamala Harris, mgombea mwenza wa Joe Biden aliyeshindana na Rais Trump, akasema madaktari wakishauri atakuwa wa kwanza kwenye foleni, ila akiambiwa na Trump hachanji. Januari 2021 Biden akaingia Ikulu. Ghafla wafuasi wa chama chake ndio wakajaa kwenye foleni, na wale wa Trump, ambaye chanjo zilitengenezwa serikali yake ikimwaga mabilioni, wengi wao wakagoma. Dawa iliyokuwa ndani ya kichupa haikubadilika hata tone.

Sasa nyie mnaopenda kusema "wananchi wajinga", hebu mtulie. Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, Septemba 2018, watafiti waliwahoji watu wazima 961 Ebola ikiwa inaua. Robo walisema Ebola haipo. Waliokuwa na imani na viongozi wa eneo lao hawakufika theluthi. Wajinga? Watu hao walikuwa wameshuhudia mauaji ya waasi kwa miaka, hakuna wa kuwaokoa, halafu ghafla magari ya kifahari yanajaa mtaani kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Desemba ikafika, zimebaki siku chache kupiga kura, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo watapiga Machi kwa sababu ya Ebola na usalama. Maeneo yenyewe ni ngome ya upinzani. Na rais mpya akaapishwa Januari! Yaani kura yao ya urais ilikuwa ya kuchezea tu.

Kesho yake baada ya tangazo lile la tume, waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola Beni. Februari vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Mlipuko ule ulipotangazwa kwisha, Juni 2020, ulikuwa umeondoka na watu zaidi ya 2,200. Nani alimfundisha yule mwananchi kwamba Ebola ni siasa? Walioifanya siasa ni haohao waliokuja baadaye kumbembeleza aamini kwamba ni ugonjwa.

Viongozi wanakera, sawa. Lakini chawa wao ndio wananimaliza. Ugonjwa ukiingia serikali ikiwa yao, "tusilete taharuki". Ikiwa ya wenzao, "serikali imeshindwa, watu wanakufa". Wagonjwa ni walewale, wodi ileile. Na daktari anayesema jambo moja kwa tawala zote mbili anaitwa msaliti na pande zote mbili, kwa zamu.

Msinijie na "wewe ni wa chama gani?" hapo chini, maana najua mshaanza kuandika.

Na mjomba, najua unasoma humu, jina lako la bandia nalijua. Nijibu kitu kimoja tu: maji mliyokunywa mchana ule, kati ya tangazo la asubuhi na la jioni, shangazi aliyachemsha au ulimkataza?