Fundi kasaga nyuzi za tundu la bolti kwenye trekta langu, halafu ananiambia "trekta siyo ndege"!

Mama Mpunga:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Pole zenu ziwekeni kwanza, nisomeni.

Yule fundi mnamjua wote huku Mbarali, Mbeya. Wa Rujewa mnamjua, wa Chimala mnamjua, na nyie wa Igurusi mnaojifanya hammjui ndio mnamjua zaidi. Yule anayetembea na spana mfukoni hadi msibani. Jina silitaji, nisije nikaitwa kituoni kwa ajili ya mtu asiyetofautisha bolti na msumari.

Trekta langu ni Massey Ferguson 135, lile la Perkins silinda tatu. Lilikuwa linavujisha oili kwenye kifuniko cha haidroliki, kile cha chini ya kiti chenye mikono ya kunyanyulia jembe. Gasketi tu! Unafungua, unabadilisha, unafunga. Akafungua vizuri, akabadilisha vizuri, wakati wa kufunga bolti moja haionekani. Badala ya kuitafuta akachokoa kwenye kopo lake la vyuma chakavu, akatoa moja, akaijaribisha spana ya 19, ikakaa. Kwake ikawa imeshakuwa saizi. Bolti za pale ni za nusu inchi. Yake ilikuwa ya milimita 12. Ikazunguka kidogo, ikakwama. Mtu mwenye akili hapo anasimama. Yeye akachomeka bomba kwenye mkono wa spana akaning'inia nalo, na uzito wake mnaujua. Ikalia kwaa! Kisha ikawa nyepesi, inazunguka tu bila kukaza. Nyuzi zote, ile mifereji ya kushikia bolti iliyochongwa kwenye kasti, chuma cha kumimina cha bodi ya trekta, zimesagika.

Nikamuuliza, fundi, mbona inazunguka bure? Kimya. Akaokota kopo la soda, akakata kipande, akakizungushia kwenye bolti, akapaka gundi, akaishindilia kwa nyundo. KWA NYUNDO, jamani. Bolti! Halafu akaipapasa pale juu kama anabembeleza mtoto alale, akaniambia: "Mama, usiwe na wasiwasi, trekta siyo ndege."

Trekta siyo ndege!

Leo asubuhi dereva kafika mwisho wa shamba, kanyanyua jembe ili ageuze, kifuniko kikainuka upande mmoja, oili ikaruka hadi kwenye kiti. Bolti ninayo hapa mkononi. Mifereji yake imejaa unga wa kijivu, na unga huo ndio tundu langu, ndio chuma cha trekta langu. Kipande cha kopo bado kimeing'ang'ania, rangi nyekundu inaonekana. Mvua zimeanza, majirani wote wanakatua, mimi trekta limekaa uwanjani limeinamisha jembe.

Nimempigia simu. Anacheka. ANACHEKA wakuu! Eti, "Lilete mama nilichomelee bolti humo humo, haitatoka mpaka kiyama." Na elfu themanini yangu alishakula, akaomba na ya soda juu. Soda ile ile aliyonizibia trekta!

Nilimwambia nataka kuruka? Nilimwambia nataka kulima. Trekta siyo ndege, mimi mtu mzima, mbele ya dereva wangu na vijana wa shamba, mtu ananipapasia bolti na kuniambia trekta siyo ndege. Sitasahau.

Spana Mkononi:

Sikumaliza hata mistari miwili nikajua ni yeye. Kwangu alifunga mfuniko wa jiboksi kwa waya wa kufungia uzio. Nilipomuuliza akasema ng'ombe hatoki humo.

Kijana wa Ubaruku:

Mama Mpunga, samahani lakini. Mtu anakata kopo la soda mbele yako, anapaka gundi, anachukua nyundo, na wewe umesimama tu? Ulidhani anatengeneza toroli la kuchezea? 😂😂

Mama Mpunga:

@Kijana wa Ubaruku usinichokoze leo. Mimi nalima mpunga, yeye ndiye anajiita fundi. Na hujasikia alivyosema? Trekta siyo ndege!

Kijana wa Ubaruku:

Nimesikia mama. Tumesikia mara sita.

Mzee wa Kukereza:

Mama Mpunga, pole mama. Naomba watu wacheke baadaye, kwanza tuokoe trekta.

Kilichomponza ni kichwa cha bolti. Nusu inchi na milimita 12 vichwa vyake vyote vinaingia spana ya 19, kwa hiyo fundi wa kukisia anaona ni kitu kimoja. Siyo kitu kimoja. Nusu inchi ni milimita 12.7, na nyuzi zake kwenye matrekta hayo ya zamani ni 13 kwa kila inchi. Ile ya milimita ni nyembamba na nyuzi zake zimesogeleana zaidi, karibu 14 na nusu kwa inchi. Mizunguko ya mwanzo inakubali kwa sababu inacheza, baadaye nyuzi zinapishana. Ukilazimisha, bolti ni chuma kigumu, kasti inakatika vipande vipande, ndiyo maana unaona unga.

Asichomelee! Nakuomba mama, mtu yeyote asisogeze moto pale. Kasti ina kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4. Ukiichoma kwa vijiti vya kawaida bila kuipasha moto kwanza, ikipoa inakuwa ngumu pembeni ya mshono kuliko dirili, kisha inapasuka. Hapo utakuwa umetoka kwenye tundu moja ukaingia kwenye kununua bodi nzima ya nyuma.

Dawa ziko mbili tatu. Ya kwanza ni koili ya waya: unatoboa tundu kidogo zaidi, unakata nyuzi kwa tapu, kile chuma cha kuchongea nyuzi, inayokuja na boksi lake, unaizungusha koili ndani, bolti yako ya nusu inchi inarudi pale pale. Zikikosekana, toboa kwa dirili ya milimita 13.5, piga tapu ya tano kwa nane ya inchi, halafu nenda kwa mkerezaji, fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, akutengenezee stadi ya ngazi, yaani bolti isiyo na kichwa yenye unene wa aina mbili, chini tano kwa nane, juu nusu inchi, kifuniko chako usikiguse. Mimi stadi ya ngazi ndiyo naipenda kuliko zote, haijawahi kuniangusha.

Na kabla ya dirili, kifuniko kitoke, shimo la chini lizibwe kwa kitambaa safi, tapu ipakwe grisi nzito ishike unga. Chini ya pale kuna gia na pampu ya haidroliki inaogelea kwenye oili ile ile. Unga wa kasti ukiingia kwenye pampu utamkumbuka huyo fundi kwa wema. Tapu unaizungusha nusu mbele, robo nyuma, mkono uwe wima. Anayeharakisha huvunjia tapu ndani, na tapu iliyovunjika ndani ya tundu ni msiba mwingine kabisa.

Mama Mpunga:

Asante sana baba. Wewe ndiye fundi. Huyo mwingine hata kitambaa hakuziba, na makombo ya kopo sijui yameishia wapi. Nikifikiria anapapasa ile bolti…

Kula Vumbi:

Nyie wa matrekta mnadeka. Kasti angalau ni chuma. Mimi wa bodaboda, kichwa cha injini ni alumini. Fundi kaingiza plagi imeinama, akaikaza kwa nguvu zote, nyuzi zikatoka zimezunguka plagi zima zima. Akaniambia niendeshe taratibu. Nikiwa na abiria mlimani plagi ikatoka na mlio, abiria akaruka akakimbilia kwenye mahindi, mpaka leo hajanilipa.

Spana Mkononi:

😂😂😂 abiria alidhani ni risasi

Kula Vumbi:

Alikuwa mwalimu wa shule ya mtaani kwetu. Siku hizi akiniona anavuka barabara.

Mtoto wa Chimala:

Tatizo ni nyie wa Rujewa kukimbilia rahisi. Mafundi wako Chimala, wana tapu zote tatu, ya kuanzia, ya katikati na ya kumalizia chini ya tundu.

Kijana wa Ubaruku:

Chimala? Chimala walinifungia tairi la pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono, kinyume, nikalima siku nzima meno yanaangalia nyuma. Tusitukanane hapa.

Mtoto wa Chimala:

Hukufunga Chimala wewe, ulifunga njiani ukaogopa kusema.

Mzee wa Kukereza:

Mama Mpunga ukija kwa mkerezaji njoo na bolti nzima ya upande wa pili aipime nyuzi. Asikisie. Na tundu liwe na kina, nyuzi zinazoshika kwenye kasti zisipungue mara moja na nusu ya unene wa bolti.

Bi. Kitenge:

Nimepita tu. Nyie mnalia na bolti, mimi fundi cherehani wangu kaninyima usingizi. Nimempa kitambaa cha harusi ya mdogo wangu, kanishonea mkono mmoja mrefu mmoja mfupi. Nikamuuliza, akasema mkono mfupi nitakuwa nashikia pochi.

Spana Mkononi:

Huyo na fundi wa Mama Mpunga watakuwa wamezaliwa tumbo moja 😂

Mama Mpunga:

Jamani, mada ni trekta langu. Mtu kanizibia haidroliki kwa kopo!

Kula Vumbi:

Bi. Kitenge, harusi ni lini?

Bi. Kitenge:

Jumamosi! Na kitambaa kama hicho dukani kimeisha, nimezunguka hadi Mbeya mjini.

Mtoto wa Chimala:

Chimala kuna fundi mzuri wa kike, anaunga mkono huoni mshono.

Kijana wa Ubaruku:

Huyu na Chimala yake! Bi. Kitenge weka picha kwanza tuone huo mkono.

Bi. Kitenge:

Picha naweka, ila atakayecheka nambloku. Kuna aliyebakiwa na vipande vya kitenge cha kijani chenye maua ya njano? Hata robo yadi nanunua.