Mpini wa manati wa udongo wa kuoka: utashika kwenye chuma?

ShotoWaPanda

Habarini wapenzi wa manati. Nina panda ya chuma, imekunjwa kutoka kwenye chuma cha duara cha milimita 8, yenye mkia mmoja wa kushikia. Kwa kulenga sina neno nayo, tatizo liko kwenye mkono wangu. Kidole cha shahada cha mkono unaoshika panda kiliwahi kuvunjika, na kiungo cha kati hakikunji tena. Kimebaki kimenyooka. Mipini yote ninayoijua imechongwa kwa mtu ambaye vidole vyake vyote vinakunja, kwa hiyo hicho kimoja hukosa mahali pa kukaa. Nikivuta mipira hadi shavuni, mpini unakisukuma pembeni na maumivu yanaanza kabla sijaachia gololi.

Nimeona watu wakitumia udongo wa polima, ule laini wa rangi rangi unaookwa kwenye oveni hadi ukawa mgumu, kuvika vishikio vya zana mbalimbali. Nataka kuufinyanga juu ya mkia wa panda yangu ufuate mkono wangu jinsi ulivyo. Utashika kwenye chuma laini kama hiki? Niuweke unene gani? Na je, ni salama kuvuta nguvu yote huku nimeshika kitu cha udongo?

Naomba msinishauri nibadili mkono. Mkono mwingine ndio unaojua kuvuta na kuachia, na nimeuzoeza hivyo tangu utotoni.

PandaYaMti

Ndugu Shoto, mimi ni mtu wa mbao na nasema waziwazi: mpini wa manati si mahali pa udongo. Panda ikikatika wakati umevuta, inarudi usoni, na jicho halina spea. Tafuta kipande cha mti mgumu uliokauka, chonga kidogo kidogo huku ukijaribu mkononi. Mti nao unaweza kufuata kidole kisichokunja, ni suala la subira na tupa.

MfinyanziWaOveni

PandaYaMti ana haki ya kuogopa, na mtu akitengeneza panda nzima kwa udongo wa polima, ncha na mpini pamoja, mimi mwenyewe nitamkataza kuivuta. Lakini Shoto hajasema hivyo. Anayo panda ya chuma. Chuma ndicho mfupa, udongo ni nyama tu. Mipira inafungwa kwenye chuma, nguvu inapita kwenye chuma mpaka ndani ya kiganja, na kazi ya udongo ni kujaza nafasi kati ya chuma na mkono. Hapo haubebi uzito wa kuuvunja, unabanwa tu, na kubanwa unakuweza vizuri.

Nimefanya kazi na udongo huu kwa miaka mingi, kwa hiyo nivumilie nikieleza kidogo, maana wengi huharibu kazi kwa kuudhania kuwa ni udongo wa mfinyanzi. Si hivyo. Ni chembe za plastiki ya PVC zilizochanganywa na kilainishi na rangi. Haukaushwi na hewa. Joto likifika kiwango chake, chembe zile hunyonya kilainishi, zinavimba na kuungana kuwa kitu kimoja. Lisipofika, kwa nje utaona umekuwa mgumu, lakini ndani chembe hazijashikana, nao utamomonyoka siku ya kwanza utakapoubana kwa nguvu. Lawama nyingi kwamba "udongo huu ni dhaifu" ni lawama za udongo ambao haujaiva.

Soma pakiti yako na uitii hiyo, si ya jirani. Kwa mfano, aina iitwayo Fimo laini huandikwa nyuzi 110 za Selsiasi kwa dakika 30. Aina iitwayo Premo ya Sculpey huandikwa 130 kwa dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene. Nakuomba sana uweke kipimajoto ndani ya oveni, pembeni ya kazi yako, kwa sababu kitufe cha oveni kinasema kimoja na hewa ya ndani inasema kingine, mara nyingi kwa tofauti ya kutosha kuharibu kazi. Kumbuka pia kwamba una chuma ndani. Chuma huchelewa kupata joto na kinaupoza udongo uliokigusa. Mimi huanza kuhesabu dakika baada ya kukiruhusu chuma kipate joto, na huongeza muda bila wasiwasi. Muda mrefu kwenye joto sahihi hauudhuru udongo. Joto kupita kiasi ndilo adui: rangi inageuka kahawia, na ukiuacha uungue kabisa, PVC hutoa gesi ya hidrojeni kloridi inayochoma macho na koo. Fungua madirisha, funika kazi kwa foili kama hema ili juu pasibabuke, na usithubutu kutumia maikrowevu, sembuse ukiwa na chuma ndani.

Kuhusu kushika kwenye chuma: haushiki. Udongo wa polima haugandi kwenye chuma kama gundi, unakikumbatia tu. Kwa hiyo lazima ukipe chuma mahali pa kukumbatiwa, na hilo nawaachia watu wa vyuma.

NondoNaTupa

Nimeitwa. Kaka Shoto, chuma cha duara kilicho laini ndicho kibaya kuliko vyote kwa kazi hii, maana mpini utazunguka kama gurudumu kwenye ekseli. Fanya hivi. Funga mkia kwenye jiliwa, piga tupa pande mbili hadi pawe bapa kidogo, usile zaidi ya milimita moja kila upande. Hapo umeshazuia kuzunguka. Kisha zungusha waya mwembamba kuanzia juu hadi chini, ukiacha nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ili udongo uingie. Mwanzo na mwisho wa waya uukaze kwa koleo, usibaki ukicheza. Kama unaye mtu wa kuchomelea, mwambie akuwekee washa ndogo, kile kipete bapa cha chuma, mwisho wa mkia, basi mpini hautachomoka hata mkono ukiwa na jasho.

Ukimaliza, futa mafuta yote kwa spiriti. Chuma kikiwa na alama ya mafuta au kutu inayobanduka, umejenga juu ya vumbi.

MfinyanziWaOveni

Asante Nondo. Baada ya hapo mimi hupaka chuma na waya gundi nyeupe ya mbao, tabaka jembamba, naiacha ikauke kabisa. Udongo mbichi hupenda kukaa juu yake kuliko juu ya chuma kitupu, nayo inakusaidia wakati wa kufinyanga, isije kila ukibonyeza huku, kule kukabanduka.

Unene: usimwage donge zima. Pale panapohitaji kujaa, kunjakunja foili ya aluminiamu, ibane sana kwa koleo mpaka iwe ngumu, ndipo uvike udongo wa milimita 5 au 6 juu yake. Donge nene huiva nje likabaki bichi ndani, na hapo ndipo nyufa huzaliwa. Tena udongo uukande vya kutosha kabla ya kuanza, hata kama umetoka kwenye pakiti ukiwa laini. Ukiukunja na ukapasuka kwenye kona, bado haujawa tayari.

ShotoWaPanda

Nawashukuru sana, na wewe PandaYaMti pia, sijachukia. Mti nimeufikiria, lakini mti unanitaka nijue umbo kabla ya kukata, na mimi umbo silijui. Nataka mkono wangu uliseme wenyewe.

Sasa swali: nikishika udongo mbichi nikakaza, si utabubujika kati ya vidole? Na nikishika bila kuvuta, alama nitakazopata si za mkono uliotulia badala ya mkono unaovuta?

MfinyanziWaOveni

Hilo la pili ni swali zuri kuliko yote hapa, ndugu yangu, na wengi hawaliulizi. Mkono uliotulia na mkono uliovuta ni mikono miwili tofauti.

Fikiria nguvu zinavyokwenda. Mipira inavuta ncha za panda kuja kwako. Panda inataka kulala kuelekea usoni. Kinachoizuia ni sehemu mbili: uwanda wa ngozi kati ya dole gumba na shahada unazuia nyuma, na kidole cha mwisho na cha pete vinavuta mkia kwa mbele, chini. Ni wenzo mtupu. Tuseme umevuta kilo 5, ncha ziko sentimita 8 juu ya uwanda huo, na kidole cha mwisho kiko sentimita 7 chini yake. Vidole vya chini vinabeba 5 mara 8 gawa kwa 7, karibu kilo 5.7. Ukishusha ncha zikawa sentimita 5 tu juu ya mkono, mzigo ule unashuka hadi kilo 3.6 hivi, bila kupunguza nguvu ya gololi hata chembe.

Kwa mkono wako hii ni habari njema. Kidole cha shahada hakihitajiki kubeba kitu! Shika juu kabisa, karibu na maungio ya panda kadiri unavyoweza. Jenga udongo mahali pawili: nyuma juu, upana wa kutosha kulalia uwanda wa dole gumba, na chini mbele, kivimbe kinachojaza kidole cha pete na cha mwisho. Kidole cha shahada kichimbie mfereji ulionyooka ubavuni, kikae ndani yake kimelala, kisiguswe na kingo. Mfereji uwe mpana kuliko kidole chenyewe, maana kidole huvimba kidogo kwa joto na kwa kazi.

Kupata umbo: vika udongo, funika kwa nailoni nyembamba, kisha mkono. Funga kamba kwenye ncha, na mtu aivute polepole kuelekea kwako kwa nguvu ndogo, huku wewe ukizuia kama unavyozuia siku zote. Usitumie mipira yako. Mipira itoe kabisa, ikae mbali na udongo mbichi na mbali zaidi na oveni, kwa sababu joto huua mpira. Utabubujika, ndiyo. Acha ububujike, kata ziada kwa kisu, funika tena, shika tena. Angalia kila mara kama mkono unatafuta mahali au umefika. Ukifika utajua, vidole vinaacha kuhangaika.

Sentimita 2 za juu za kila ncha ziache chuma kitupu. Gololi ikikosea njia hugonga pale, na udongo ukigongwa na chuma utapasuka vipande. Tena mipira hufungwa vizuri zaidi juu ya chuma kitupu.

PandaYaMti

Nimesoma maelezo ya wenzo na nimekubali: mzigo uko kwenye chuma. Naomba niongeze jambo moja la usalama ambalo ni sawa kwa mti na kwa udongo. Kabla ya kuuleta usoni, ujaribu chini. Bana mkia kwenye jiliwa iliyozungushiwa kitambaa, funga kamba kwenye ncha, vuta kwa nguvu mara mbili ya ile unayotumia, ushikilie, achia, angalia. Rudia. Na miwani ya kulinda macho iwe usoni kila unapovuta, hata panda ikiwa ya chuma cha meli.

ShotoWaPanda

Nimerudi na kazi mkononi. Nimepiga tupa mkia, nimezungusha waya, nimejaza kivimbe cha chini kwa foili, nimeoka kwa 130 na kipimajoto ndani, kisha nikazima oveni nikaacha ipoe mlango ukiwa umefungwa. Kidole changu kimelala kwenye mfereji wake na hakina la kufanya, na ndivyo nilivyotaka. Nimevuta mpaka shavuni bila maumivu. Sikumbuki mara ya mwisho niliweza kusema hivyo.

Ila kuna ufa mwembamba kama unywele, juu, pale mpini unapokutana na maungio ya panda. Mtihani wa jiliwa umepita na ufa haukuongezeka. Niuache?

MfinyanziWaOveni

Hongera sana, nimefurahi kwa ajili ya hicho kidole. Kupoza ndani ya oveni umefanya sawasawa. Udongo ukipoa husinyaa kuliko chuma, na kwa kuwa umekizunguka chuma pande zote, hauna pa kukimbilia, unajivuta wenyewe. Ndiyo maana ufa umetokea hapo, kwenye kona ambapo chuma kinagawanyika na udongo ni mwembamba.

Usiuache. Upanue kwa ncha ya kisu uwe na umbo la V, pangusa kwa spiriti, jaza kwa udongo wa polima wa majimaji kisha udongo wa kawaida juu yake, uoke tena kwa joto lile lile. Udongo huu unaweza kuokwa mara nyingi. Safari hii fanya kona hiyo iwe mviringo, pasiwe na pembe kali ya ndani.

Kisha msasa, na uwe wa maji: namba 400, halafu 600, halafu 1000. Maji yanazuia vumbi la PVC lisiingie kifuani. Sehemu za uwanda na vidole vya chini mimi ningeziachia kwenye 400, ziwe na ukavu wa kushika. Usipake vanishi ya kupuliza wala rangi ya kucha, nyingi hugombana na kilainishi na mpini utabaki ukinata miezi. Ukitaka mng'aro, vanishi ya akriliki ya maji inatosha, na kuusugua kwa kitambaa cha jinzi kunatosha zaidi.

NondoNaTupa

Na ile kona, Shoto, kabla hujajaza, angalia kama waya wako unafika pale. Kama umeishia chini yake, ongeza mizunguko miwili au mitatu ivuke maungio kwa umbo la nane. Ufa unapenda kurudi mahali ambapo hakuna kitu cha kuushikilia.