Tupeane uzoefu: mnaoishi Paisley na miji ya viwanda ya Scotland, mtaani kwenu maisha yakoje?

Mtoto wa Fundi (Paisley)

Habari zenu wakuu. Kila wiki napigiwa simu na ndugu waliopata kazi za kutunza wazee huku: nyumba zikoje, majirani je, watoto watazoea? Naanza mimi, nanyi mwendeleze.

Nakaa ghorofa ya pili, jengo la mawe la enzi za viwanda vya uzi. Ngazi moja, milango minane. Wenyeji wanaiita "close". Wiki ya kwanza nilikuta kadi kwenye kitasa changu, moyo ukapiga, nikajua nadaiwa. Kumbe ni zamu yangu ya kudeki ngazi. Bibi wa mlango wa jirani ndiye aliyenieleza. Yeye alianza kazi kiwandani akiwa msichana. Kampuni mbili za uzi, Coats na Clark, zilishindana hapa miaka mingi, zikaungana 1896, na kiwanda cha mwisho kikafungwa 1993. Jengo moja la kiwanda cha Anchor sasa ni nyumba za watu.

Siku moja nimeanika kanga ya mama uwani, bibi akashuka mbio. "Hilo ua la kwenye kitambaa ni letu, la Paisley!" Nikamwambia sisi tunaliita korosho, na mama ameshona kanga hizo Tanga maisha yake yote. Wote wawili tumelipokea: wafumaji wa hapa waliliiga kutoka shali za Kashmir. Tangu siku hiyo ananiita mwanangu.

Baba Salma (Dundee)

Mimi niko Lochee, mtaa wa viwanda vya zamani vya jute, nyuzi za magunia. Bomba la moshi la kiwanda, Cox's Stack, mita 86, ndilo lililonifundisha njia ya nyumbani. Watu wema sana, ila nyumba yangu ya kwanza ilinitesa: ukungu mweusi ukutani, mtoto anakohoa usiku kucha, mwenye nyumba hapokei simu. Nendeni mkaikague nyumba siku ya mvua, mguse kuta za chumba cha kulala. Na dipoziti, sheria inamtaka mwenye nyumba aipeleke kwenye mfuko maalumu wa kuitunza ndani ya siku 30 za kazi. Dai uthibitisho.

Mama Wawili (Motherwell)

Kilichonishinda ni Desemba. Jua linachomoza saa 3 kasorobo asubuhi, saa 10 kasorobo limezama. Nililia, sifichi. Kilichonisaidia ni kutoka nje mchana hata kwa dakika kumi. Watoto waombeeni kadi ya basi mapema, chini ya miaka 22 hawalipi nauli.

Mtoto wa Fundi

Pole dada. Njooni Paisley Jumamosi ya kwanza ya Julai, Sma' Shot Day. Sma' shot ni uzi mwembamba ulioshikilia shali bila kuonekana, na matajiri hawakutaka kuulipia. Wafumaji waligoma kukubali hadi wakashinda, 1856. Ngoma inapigwa, mji mzima unaandamana. Bibi ameniomba kanga ya korosho aivae siku hiyo, na mama ameshaituma.