Ushauri: Ujiji hadi visiwa vya Kipili kwa mtumbwi wa injini

Mtembezi_KG: Wakuu, habari za jioni. Niko Ujiji. Julai hii nataka kushuka kusini kwenye Ziwa Tanganyika hadi visiwa vya Kipili kwa mtumbwi wa mbao, injini moja, tukilala vijiji vya wavuvi. Nibebe petroli kiasi gani? Usingizi sipati.

Bi Mgebuka: Petroli baadaye. Julai ni kusi, mwanangu. Zaidi ya kilomita 250 upepo unawapiga usoni!

Abiria wa Zamani: Umenikumbusha meli ya Liemba. Mwaka 2011 nilishukia kijiji kisicho na gati. Usiku wa manane mitumbwi inaifuata meli majini, kuku wanarushwa, magunia yanarushwa, nami nikaangukia dagaa. Meli ile Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Chuma cha kweli.

Mvuvi Mstaafu: Mko wangapi, na nani anajua kuogelea?

Mtembezi_KG: Watatu. Nahodha anajua.

Mvuvi Mstaafu: Wa tatu nani?

Mtembezi_KG: Mtoto, ana miaka 9. Lakini jaketi okozi nimenunua, na kianzio laki mbili nimeshatoa. Nahodha amekulia ziwani, anajua kila ghuba.

Mama Wawili: Mtoto si begi, jamani! Kina cha ziwa hilo kinafika mita 1,470.

Mvuvi Mstaafu: Jaketi ni la saizi yake?

Mtembezi_KG: La mtu mzima. Nitalikaza kwa kamba.

Mvuvi Mstaafu: Akianguka litapanda juu, yeye atashuka chini.

Kigoma Mwisho wa Reli: Ngojeni kwanza. Mwezi jana kwenye uzi wa ndoa huyu alisema hana mtoto. Hii chai, leteni vitafunwa.

Mama Wawili: Kumbe! Na mimi moyo ulishaanza kwenda mbio.

Mtembezi_KG: Si chai. Ni mtoto wa marehemu kaka yangu, namlea tangu Machi. Baba yake alikuwa anavua dagaa, akamwahidi kumwonyesha visiwa shule zikifungwa. Kila siku ananiuliza tunaondoka lini.

Kigoma Mwisho wa Reli: Nisamehe, ndugu yangu. Pole sana.

Bi Mgebuka: Pole, mwanangu. Mpeleke kwa gari: Uvinza, Mpanda, Namanyere, mpaka Kipili. Visiwa viko karibu na pwani, mtakodi mtumbwi siku ziwa limetulia. Na jaketi la mtoto.

Mtembezi_KG: Na laki mbili yangu?

Mvuvi Mstaafu: Nahodha akigoma kuirudisha, mwachie.

Mtembezi_KG: Kesho alfajiri naenda mwaloni kuongea naye.